Deni la zamani linakuzuia kupata mkopo? Fahamu jinsi ya kulipinga

Umeomba mkopo benki, pale Kahama, Shinyanga au Geita mjini. Fomu umejaza, barua ya mtendaji unayo, dhamana ipo. Baada ya siku chache afisa mikopo anakupigia: "Samahani, jina lako linaonyesha una deni." Unauliza deni gani, unaambiwa ni la mwaka 2016 au 2017. Wewe unajua ulishalimaliza, au hulikumbuki kabisa.

Katika makala hii tunaeleza taarifa hiyo inatoka wapi, unaisomaje, na unaipinga kwa hatua zipi. Jibu fupi ni hili: unayo haki ya kuona kilichoandikwa juu yako na kutaka kisahihishwe kama si kweli. Lakini maneno ya mdomo kaunta hayatoshi. Kosa hilo limeandikwa, nalo husahihishwa kwa maandishi.

Jambo hili si dogo kwa watu wa huku kwetu. Mkulima wa pamba wa Kishapu anayekataliwa mkopo mwezi wa kumi na moja hawezi kuisubiri mvua hadi jina lake lisafishwe. Mchimbaji wa Nyarugusu au Lwamgasa anayetaka karasha lake mwenyewe ataendelea kulipia la mwenzake. Na wengi, wakikosa benki, huishia kwa wakopeshaji wa "kausha damu", ambako kadi ya ATM au kadi ya pikipiki hubaki rehani na riba hupanda kila wiki.

Taarifa zako zinafikaje benki?

Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ina kanzidata ya taarifa za wakopaji. Kanuni zake zilitoka mwaka 2012. Benki na taasisi za fedha hupeleka humo taarifa za mikopo wanayotoa: nani amekopa, kiasi gani, amelipa vipi, amebakiza nini.

Kutoka hapo taarifa huenda kwenye kampuni binafsi zenye leseni ya BoT, ambazo watu wa benki huziita CRB. Kampuni mbili zilizopewa leseni mwaka 2013 ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Hizi ndizo zinazotoa ripoti ambayo afisa mikopo huisoma kabla ya kukujibu.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa. La kwanza, CRB haikunyimi mkopo. Anayeamua ni benki. La pili, CRB haitungi deni. Inaonyesha kile mkopeshaji alichopeleka. Ndiyo maana kosa nyingi huanzia kwa mkopeshaji, na yeye ndiye anayepaswa kulirekebisha kwenye chanzo.

Neno lingine utakalosikia ni "mkopo chechefu". Huo ni mkopo ambao marejesho yake yamechelewa kupita siku 90. Ukiendelea kukaa bila kulipwa, benki inaweza kuufuta vitabuni mwake. Wengi wakisikia "umefutwa" hudhani wamesamehewa. Sivyo. Kufuta vitabuni ni hesabu za ndani za benki. Deni bado ni lako na kwenye ripoti bado litaonekana.

Kwanza pata ripoti, uisome

Usianze kulalamika kabla hujaona kilichoandikwa. Muulize afisa mikopo: ripoti imetoka kampuni gani, na deni linalosumbua ni la mkopeshaji yupi? Kisha omba nakala ya ripoti yako kwa kampuni hiyo. Utahitaji kitambulisho cha NIDA au namba yake, na namba ya simu. Kabla ya kulipa chochote uliza kama nakala hiyo ina gharama, na ulipie kwenye akaunti au namba ya kampuni yenyewe. Kama simu yako haifungui tovuti vizuri, mwombe kijana unayemwamini akusaidie, lakini nywila na namba ya siri vibaki kwako.

Ukiipata ripoti, angalia haya:

- Majina yako matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Je, ni wewe kweli?
- Jina la mkopeshaji na namba ya mkopo.
- Tarehe mkopo ulipotolewa na tarehe ulipotakiwa kuisha.
- Kiasi ulichokopa na kiasi kinachoonekana kimebaki.
- Hali ya mkopo: unaendelea, umelipwa, umechelewa au umefutwa vitabuni.
- Nafasi yako: wewe ni mkopaji, au ni mdhamini wa mtu mwingine?

Hilo la mwisho lisikupite. Watu wengi walisaini fomu ya shemeji au jirani wakidhani ni ushahidi tu wa kumfahamu. Sahihi ya mdhamini ni ahadi ya kulipa mwenzako akishindwa.

Deni lako ni la aina gani?

Madeni ya zamani yanayozua ubishi tunaweza kuyagawa katika mafungu manne. Kila fungu lina ushahidi wake.

*Ulishalipa, lakini linaonekana.* Hili hutokea sana kwenye mikopo ya vikundi, ambako marejesho hukusanywa na mweka hazina kisha hupelekwa kwa mkopeshaji kwa pamoja. Wewe ulitoa fungu lako, la mwenzako likapungua, na akaunti ikabaki wazi. Hutokea pia pale mtu alipolipa mkopo wote lakini faini ndogo ya ucheleweshaji ikabaki bila yeye kuambiwa. Ushahidi wako ni stakabadhi, karatasi za benki za kuweka fedha, daftari la kikundi, taarifa ya miamala ya simu, na barua ya kumaliza mkopo kama ulipewa. Hata kurudishiwa hati ya kiwanja au kadi ya pikipiki kunasaidia kuonyesha kuwa mkopeshaji aliona umemaliza.

*Si deni lako.* Kabla vitambulisho vya NIDA havijaenea, watu walikopa kwa kadi ya mpiga kura au barua ya serikali ya mtaa. Majina yakafanana, herufi zikapishana. Huku Usukumani jina moja linaweza kuandikwa Ng'wandu kwenye karatasi moja na Mwandu kwenye nyingine. Pia wapo waliosajili laini ya simu kwa jina lao wakampa ndugu aliyekwenda machimboni, na mikopo ya simu ikachukuliwa kwenye laini hiyo. M-Pawa, kwa mfano, ilianza mwaka 2014, wakati usajili wa laini kwa alama za vidole bado haujawa lazima. Ili kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako leo, piga *106#. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ikafungwe, nawe ubaki na uthibitisho. Kwa herufi zinazopishana, hati ya kiapo kutoka kwa wakili au mahakamani huonyesha kuwa majina yote mawili ni yako, au kwamba mwenye deni ni mtu mwingine.

*Deni ni lako, lakini hesabu si sahihi.* Ulikopa shilingi 800,000, ukabakiza 150,000, ripoti inasema 600,000. Au mkopo mmoja umeandikwa mara mbili. Hapa dai taarifa ya mkopo kutoka kwa mkopeshaji, inayoonyesha kila rejesho na kila faini tangu siku ya kwanza. Kaa nayo na stakabadhi zako, mkilinganisha mstari kwa mstari.

*Deni ni lako na hukulipa.* Labda mvua ilikataa, labda duara halikutoa. Labda mshahara ulikatika ghafla, kama ilivyowakuta wafanyakazi waliopunguzwa mwaka 2017 mgodi wa Bulyanhulu ulipopunguza shughuli zake. Deni la namna hii halipingwi. Lina njia yake, tutaieleza chini. Lakini kama mkopo ulikatwa kwenye mshahara, soma kwanza mkataba uone kama ulikuwa na bima, na kama bima hiyo ilihusu kupoteza kazi, ulemavu au kifo.

Hatua za kupinga

1. Mwandikie mkopeshaji. Peleka barua tawini, ambatisha nakala za ushahidi, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Stakabadhi halisi usiziache. Onyesha, kisha ondoka nazo. Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinawataka watoa huduma wawe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko ya wateja, kwa hiyo huombi fadhila.

2. Iandikie CRB pia. Waambie kuwa unapinga taarifa hiyo, na uwatumie nakala ya barua uliyompa mkopeshaji. Waombe wahakiki na mkopeshaji na wakujibu kwa maandishi.

3. Fuatilia kwa tarehe. Tenga daftari dogo. Andika siku uliyokwenda, uliyeongea naye, alichokuahidi. Mtu akisema "rudi Jumatatu", andika.

4. Usipojibiwa au usiporidhika, nenda BoT. Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Kwa watu wa Shinyanga na Geita, tawi la BoT la karibu liko Mwanza, na unaweza pia kutuma malalamiko kwa maandishi bila kusafiri. Jambo la kwanza watakalouliza ni kama ulianza kwa mkopeshaji. Hapo ndipo muhuri wa hatua ya kwanza unapofanya kazi.

5. Ikiwa jina lako limetumiwa na mtu mwingine, toa taarifa polisi na upate namba ya taarifa hiyo. Unaweza pia kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kutaka taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe.

Kama mkopo ulikuwa wa SACCOS, afisa ushirika wa wilaya yako ni mtu wa kumwona mapema, kwa kuwa vyama hivyo vinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na kama kuandika barua ni kazi ngumu, muulize mtendaji wa kata akuelekeze kwa msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mfano wa barua

Barua haihitaji maneno makubwa. Inatakiwa iseme wewe ni nani, kosa ni lipi, ushahidi ni upi na unataka nini.

> Meneja wa Tawi,
> (jina la benki au taasisi, na mahali)
>
> YAH: KUPINGA TAARIFA YA MKOPO NAMBA …………
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ………… , NIDA namba ………… , simu namba ………… , ni mkazi wa kijiji cha ………… , kata ya ………… .
>
> Ripoti yangu ya mikopo ya tarehe ………… inaonyesha nadaiwa shilingi ………… kutokana na mkopo uliotajwa. Taarifa hiyo si sahihi kwa sababu nilimaliza kulipa tarehe ………… . Naambatisha nakala za stakabadhi namba ………… na ………… .
>
> Naomba: (1) nipewe taarifa kamili ya mkopo huo, (2) marekebisho yapelekwe kwenye kanzidata ya Benki Kuu, (3) nipewe barua ya kuthibitisha kuwa sidaiwi.
>
> Naomba majibu kwa maandishi.
>
> Wako mwaminifu, (jina, sahihi na tarehe)

Kama deni si lako, badilisha sehemu ya sababu: "Sijawahi kuomba wala kupokea mkopo huu. Naomba nionyeshwe mkataba, sahihi na kitambulisho kilichotumika." Ombi hilo lina nguvu, kwa sababu anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha mkataba.

Mkopeshaji amebadilika jina au amefungwa

Deni la miaka kumi iliyopita linaweza kuwa la benki ambayo huioni tena mtaani. Benki ya Posta ilikuja kuitwa TPB, ikaunganishwa na Twiga Bancorp na Benki ya Wanawake mwaka 2018, na tangu 2021 inaitwa TCB. CBA iliyotoa mikopo ya M-Pawa ni NCBA tangu 2020. Access Bank sasa ni Selcom Microfinance Bank. Mahali kama hapo, madeni na kumbukumbu huhamia kwa mrithi, na barua yako iende kwa mrithi huyo.

Benki ikinyang'anywa leseni ni habari nyingine. Tarehe 4 Januari 2018 BoT ilifunga benki tano kwa pamoja, ikiwemo Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Kufungwa kwa benki hakufuti deni, kwani mfilisi hukusanya kilicho cha benki. Mwenye hoja juu ya mkopo wa benki ya namna hiyo aiandikie Bodi.

Deni ni la kweli: ufanye nini?

Usijifiche. Nenda ukaongee, lakini nenda ukiwa umejipanga.

Omba kwanza hesabu kamili kwenye karatasi. Kisha toa pendekezo unaloliweza: kiasi gani kila mwezi, au kiasi gani kwa mkupuo baada ya mavuno au mauzo. Omba wapunguze faini na riba ya ucheleweshaji. Mkopeshaji aliyekwisha kufuta deni vitabuni anaweza kukubali, maana alikuwa hatarajii kitu. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe kabla hujalipa hata senti. Yaseme wazi kuwa ukimaliza kiasi hicho, deni limeisha lote, na taarifa itapelekwa kwenye kanzidata. Lipa kwenye akaunti ya taasisi, si kwenye simu ya afisa.

Fahamu pia kuhusu muda. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, kesi ya madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Mkopo wenye dhamana ya ardhi una hesabu tofauti. Sheria hiyo hiyo inasema kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi, au kulipa sehemu yake, kunaweza kuanzisha hesabu upya. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya kusaini juu ya deni la miaka mingi, isomeshe kwa msaidizi wa kisheria kwanza. Lakini tusichanganye mambo. Muda wa kushtakiwa ni kitu kimoja, na kuonekana kwenye ripoti ni kitu kingine. Deni linaweza kupita muda wa mahakama na bado benki ikaliona na kukukatalia.

Mitandaoni utasoma kuwa deni hufutika lenyewe baada ya miaka saba. Hiyo ni sheria ya Marekani. Kenya nao wana kanuni yao: taarifa mbaya hukaa miaka 5 tangu deni lilipwe, siyo tangu ulipokopa. Kwa mkopo wa hapa Tanzania, iulize CRB kwa maandishi taarifa yako itaonekana hadi tarehe gani.

Deni likishalipwa, ripoti itaonyesha limelipwa, hata kama historia ya kuchelewa itabaki. "Alichelewa akalipa" ni afadhali kuliko "anadaiwa". Ipe benki sababu nyingine za kukuamini: marejesho mazuri kwenye SACCOS, au stakabadhi za soko la madini kama ni mchimbaji. Tangu soko la Geita lifunguliwe mwaka 2019, mchimbaji anayeuza humo hubaki na karatasi ya mauzo. Anayeuza gizani hana cha kuonyesha.

Jihadhari na "wasafisha majina"

Palipo na shida, matapeli hawako mbali. Utapata ujumbe: "Tunafuta jina lako CRB ndani ya saa 24, tuma 50,000." Usitume. Hakuna wakala wa mtaani mwenye ufunguo wa kanzidata ya Benki Kuu. Taarifa sahihi haifutwi kwa hongo, na isiyo sahihi husahihishwa kwa hatua tulizozieleza. Ujumbe wa namna hiyo utume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma.

Wapo pia wakopeshaji wa kwenye programu za simu wanaotisha kuwa "watakupeleka CRB" na kuwatumia ndugu zako ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 BoT ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kutishika, na kabla ya kukopa, angalia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya BoT ya wenye leseni.

Kwa ufupi

Pata ripoti yako. Jua deni ni la aina gani. Mwandikie mkopeshaji na CRB, upate muhuri. Usiporidhika, peleka BoT. Fanya haya sasa hivi, kabla ya msimu, hata kama huombi mkopo leo, maana marekebisho huchukua muda na mvua haimsubiri mtu. Na kuanzia mkopo ujao, siku unayomaliza kulipa usiondoke tawini bila barua ya kumaliza deni. Itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba.